Mdogo wangu anakesha na madaftari, anafeli. Binti wa jirani analala saa tatu na nusu usiku, anafaulu. Kinachotokea hapa ni nini?

#1 AbiriaWaDom (mleta uzi)

Habari wakuu. Niko likizo nyumbani, Singida vijijini. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne, shule ya kata. Matokeo ya moko, mtihani wa majaribio, yametoka wiki iliyopita: pointi 29 (zikiwa chache ndiyo bora). Hisabati F, Fizikia F, Baiolojia D.

Huyu si mtoto mvivu. Siku nne hizi nalala chumba cha pili, namsikia akifunua kurasa mpaka saa nane usiku. Taa ya sola ikififia anawasha tochi ya simu ya mama. Juzi nikaomba nione kaunta buku lake la Baiolojia. Limepangwa kuliko leja za ofisini kwetu. Vichwa vya habari kwa wino mwekundu, maana za maneno kwa bluu, halafu juu yake kapaka rangi ya njano karibu kila mstari. Ukurasa mzima wa njano. Nikamwambia haya funga, niambie moyo unafanya kazi vipi. Akaanza kwa Kiingereza, sentensi mbili zikatoka kama kanda. Ya tatu ikakatika. Akafumba macho kama anautafuta ukurasa, machozi yakamlengalenga.

Nyumba ya pili kuna binti wa darasa lake. Saa tatu na nusu taa ya kwao imezimwa. Moko kapata pointi 16. Darasa lile lile, walimu wale wale.

Dai langu: tunawakosea hawa watoto tunapowaambia "soma kwa bidii". Bidii anayo. Hakuna aliyemwambia kusoma ni kufanya nini hasa. Novemba, mwezi wa mtihani wa taifa, inabisha hodi. Naombeni msaada.

#2 Kipanga Mstaafu

Pole sana mkuu. Ila pointi 29 hiyo ni ziro.

#3 KalamuNyekundu

@Kipanga Mstaafu hapana, usimtishe mwenzio. Divisheni, yaani daraja la ufaulu, ziko hivi: one ni pointi 7 hadi 17, two 18 hadi 21, three 22 hadi 25, four 26 hadi 33. Ziro ni 34 na 35.

Mleta uzi, mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na moja huu. Kwanza kaa naye mfanye hesabu. Zinachukuliwa alama za masomo saba bora. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Yuko 29. Akipandisha D nne tu kuwa C, anafika 25, yuko divisheni three. D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Angalia zile D zake, ipi ina 42, ipi ina 43. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza. Mtoto akiambiwa "pandisha ufaulu" anaona mlima. Akiambiwa "tafuta alama tatu kwenye Jiografia" anaona kilima cha kupanda kesho asubuhi.

#4 MamaWawili

Kabla hamjafika mbali na pointi, naomba kuuliza. Maji anachota nani? Chakula cha jioni anapika nani? Na yule wa nyumba ya pili je?

Mtoto anayefungua daftari saa nne usiku baada ya kutwanga, kupika na kuosha vyombo, unamlinganisha na nani? Anakesha kwa sababu mchana wake umeliwa na wengine. Mimi nilikuwa huyo mtoto, najua.

#5 AbiriaWaDom

@MamaWawili umenigusa pabaya dada. Maji anachota yeye, alfajiri na jioni. Kisima kiko mwendo wa nusu saa. Jirani wana bomba uani.

@KalamuNyekundu shukrani. Jiografia ana 43, Kiswahili 44. Nilikuwa sijaangalia kabisa.

#6 ChaiYaRangi

Naomba nichangie upande wa jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, maana ndiyo fani yangu.

Yule anayesoma kurasa zile zile mara tano anapata kitu kimoja: kuzizoea. Jicho linapita kwenye mstari, ubongo unasema "huu naujua". Kuutambua mstari ukiwa mbele yako ni kazi moja, kuutoa kichwani ukiwa haupo ni nyingine, na mtihani unadai hiyo ya pili.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likasoma mara nne. Kundi jingine likasoma mara moja, kisha mara tatu likafunga kifungu na kuandika kila linachokikumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza, 83 kwa 71 katika mia. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma 40, waliofunga na kuandika 61.

Hebu fikiria mtoto anayejipima dakika tano baada ya kusoma. Ushahidi wote alionao unamwambia kurudia kusoma ndiko kuzuri. Anadanganywa na hisia zake mwenyewe, na wiki ya mtihani ndiyo inamwonesha.

Kwa hiyo, mkuu, mpe karatasi tupu. Asome topiki ndogo, afunge, aandike yote yanayokuja. Kisha afungue, ajaze kilichokosekana kwa wino mwingine. Kesho yake afanye tena kabla ya kufungua. Wiki ijayo tena.

#7 Mbuyu Mkavu

Nakubaliana na @ChaiYaRangi. Ndiyo maana wanasema mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona na 90 ya anachofanya. Tulifundishwa kwenye semina.

#8 ChaiYaRangi

@Mbuyu Mkavu hizo namba zisambae kidogo iwezekanavyo ndugu yangu. Watu humtaja Edgar Dale, Mmarekani aliyechora ile koni ya uzoefu mwaka 1946. Mchoro wake haukuwa na asilimia hata moja, wengine walizibandika baadaye. Na ni hivyo hivyo kwa lile la "huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio": mwaka 2008 wanasaikolojia walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha wa kufundisha kwa mgawanyo huo.

#9 Mbuyu Mkavu

Sawa mkuu, nimepokea. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watoto wangu hivyo.

#10 Mwana wa Ng'ambu

Assalaam alaikum. Huku Zanzibar naona mnagundua kitu ambacho maalimu wetu alikuwa nacho mkononi siku zote.

Chuoni tulihifadhi kuanzia Juzuu Amma. Ulikuwa hutazami msahafu ukamwambia maalimu "nimesoma". Unakaa mbele yake, msahafu umefungwa, unasoma kwa kichwa. Ukikwama anakungoja. Ukikosea anakurudisha mwanzo wa aya. Halafu somo jipya halikufuti la zamani: kila siku kabla ya jipya unapitishwa sura za nyuma, na kila baada ya muda juzuu nzima. Anayeacha kudurusu wiki mbili anajulikana siku ya kwanza anapofungua mdomo.

Kwa hiyo naomba tuache kutukana kukariri. Mdogo wa mleta uzi hakukariri, alitazama. Angekariri kwa kusomeshwa hivyo, moyo wake wa Baiolojia ungetoka wote, na valvu zake.

#11 LughaKwanza

@Mwana wa Ng'ambu ungetoka wote, ndiyo. Na asingejua maana ya hata mstari mmoja. Hapa ndipo natofautiana nanyi nyote mliotangulia.

Huyo binti alisoma miaka saba kwa Kiswahili. Alijifunza "usanisinuru" akiwa darasani na mmea kwenye kopo dirishani. Kidato cha kwanza mlango ukafungwa, kila kitu Kiingereza. Nilifundisha tuisheni Mbeya. Nilikuwa na kijana aliyetamka maana ya osmosisi bila kukosea neno. Nikaleta viazi mviringo viwili, tukavikata, kipande kimoja kwenye maji ya kawaida, kingine kwenye maji ya chumvi. Baada ya saa moja hiki kigumu, hiki kimelegea kama ulimi. Nikamuuliza, kwa nini? Akarudia ile sentensi ya daftarini. Nikamwambia hapana, niambie kwa Kiswahili maji yameenda wapi. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni maji tu yametoka?" Miaka miwili alikuwa ameibeba sentensi hiyo hajui inazungumzia maji.

Mpeni karatasi tupu mnavyotaka. Kama haelewi anachokitoa, mtakuwa mmemfundisha kumeza vizuri zaidi.

#12 KalamuNyekundu

@LughaKwanza lugha ni mzigo, sibishi. Ila mbona binti wa nyumba ya pili naye alisoma kwa Kiswahili miaka saba? Tukisema lugha ndiyo kila kitu, tunashindwa kumweleza yeye.

Mimi naona darasani. Nina wanafunzi 94 mkondo mmoja. Nikitoa zoezi la maswali matano, nina majibu 470 ya kusahihisha, na nina mikondo mitatu. Nawaambia ukweli, sisahihishi yote. Mtoto anakosea Februari, anakuja kujua Agosti. Hapo katikati kosa limeshaota mizizi.

#13 LughaKwanza

Binti wa nyumba ya pili tumuulize mleta uzi. Nyumbani kwao nani anajua Kiingereza?

#14 AbiriaWaDom

Wakuu nimerudi. Mambo mawili.

La kwanza. Jana usiku nilifanya la @ChaiYaRangi. Nilichana karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nikampa upande wa nyuma. Akasoma mzunguko wa damu kwa saa nzima. Nikafunga daftari, nikasema andika. Akaandika mistari minne. Saa nzima, kurasa sita, mistari minne. Akaniangalia akasema, "Kaka, naijua lakini haitoki." Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu, maana sikutaka anione.

La pili. Nilienda nyumba ya pili. Baba wa yule binti ni mwalimu wa msingi aliyestaafu. Likizo ya Juni binti alipelekwa mjini kwa shangazi, akasoma tuisheni mwezi mzima. Ana bunda la pepa za zamani za NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa, miaka kumi nyuma, zimepigwa kopi. Na nilimkuta anamfundisha mdogo wake wa darasa la sita hesabu za sehemu, kwa kukata chungwa.

#15 MamaWawili

Bomba uani. Baba mwalimu. Tuisheni mwezi mzima. Haya, tuendelee kujadili rangi ya njano.

Nasema hivi kwa uchungu, si kwa kumkwaza mtu. Kila mara mtoto wa maskini akifeli tunamtafutia kasoro kichwani mwake.

#16 Kipanga Mstaafu

@MamaWawili uko sahihi, ila hatuwezi kumhamishia bomba kabla ya Novemba. Pepa tunaweza kumhamishia.

Mimi nilipata one ya pointi 12 kutoka shule isiyo na maabara. Siri yangu ilikuwa pepa za zamani. NECTA ina mtindo wake, ukisolvu miaka kumi unaanza kuona swali linavyokuja. Anza na pepa, kisha daftari. Swali likikushinda ndipo unafungua topiki ukiwa na njaa nayo.

#17 KalamuNyekundu

Naongezea hapo kitu ambacho watoto wa vijijini hawaambiwi. Baraza hutoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo, ziko bure kwenye tovuti yao. Humo utaona swali, watahiniwa walivyolijibu kwa jumla, na kopi ya jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Kaa na mtoto mfunike maelezo, mwambie asahihishe jibu baya kama mwalimu. Nimewaona watoto wakiamka ghafla hapo: "Kumbe swali liliuliza 'eleza' na huyu kaorodhesha!" Wengi wanapoteza alama wakiwa wanajua.

Na Hisabati aijue fomati kwa moyo. Maswali 14, yote ya lazima. Kumi ya kwanza alama sita sita, manne ya mwisho alama kumi kumi. Saa tatu. D ni alama 30. Maswali matano kamili ya sehemu A yanamtoa kwenye F. Matano tu.

#18 BintiWaLikoni

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na Kiswahili ndilo lililonishusha, mimi mzaliwa wa Pwani! Nyumbani naongea tangu nimezaliwa, hivyo sikuona haja ya kulifungua. Nilisahau kwamba kuna karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Ile ya Lugha ina alama 80, na arubaini kati ya hizo ni matumizi ya lugha: uakifishaji, ngeli, uchanganuzi wa sentensi. Ngeli nazitumia vizuri mdomoni, lakini swali linataka niitaje na niieleze. Wa bara waliochapa mazoezi walinipita.

Kwa hiyo @LughaKwanza, hata lugha ya mama haimwokoi mtu asiyefanya mazoezi ya swali lenyewe.

#19 LughaKwanza

@BintiWaLikoni hoja nzuri, nitailalia.

#20 Mtahiniwa2012

Mimi ni wa kidato cha nne 2012. Wenye umri wangu wanajua. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu yetu tukakutwa na ziro. Kijijini kwetu shule nzima hakutoka mtu wa divisheni three. Tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, mimi nikatoka ziro nikaingia four. Karatasi ile ile, majibu yale yale, kichwa kile kile.

Ndiyo maana nikisikia "fulani amefaulu kwa sababu alisoma hivi" nauliza kwanza mizani ilikuwa ipi mwaka huo. Nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea huku nabeba zege mchana. Nilikuwa na saa moja na nusu tu kwa siku, saa kumi na moja alfajiri. Nikapata two. Sijui ilikuwa mbinu, umri, au ule muda mfupi ulionilazimisha nisichezee.

#21 Mbuyu Mkavu

Halafu ikaja GPA, wastani wa pointi, mara "distinkshen", mara "meriti", tukarudi tena divisheni. Wazazi tulikuwa tunauliza, sasa mwanangu kafaulu au kafeli?

#22 Kipanga Mstaafu

GPA ilikuwa 2013 hiyo hiyo.

#23 Mtahiniwa2012

Hapana mkuu, ilianza kwenye matokeo ya mtihani wa 2014. Nilikuwa nafuatilia maana nilikuwa nahofia yangu. Turudi kwa binti.

#24 UsingiziMtamu

Mbona hamsemi usingizi? Saa nane usiku mpaka kumi na moja alfajiri akachote maji: saa tatu. Ubongo unapanga ulichojifunza ukiwa umelala. Aliyesoma kwa muda wa saa mbili akalala saa nane nzima anaweza kumshinda aliyesoma kwa muda wa saa sita akalala tatu tu, na darasani kesho yake mmoja anasikia, mwingine anasinzia.

Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nazijua. Saa kumi usiku nasoma jina la dawa mara tatu kabla ya kuliamini. Mtoto huyo anasoma Fizikia katika hali hiyo.

#25 Kipanga Mstaafu

@UsingiziMtamu jina lako na hoja yako mmezaliwa siku moja.

Na diskasheni je? Sisi vijana sita chini ya mwembe, kila mmoja na topiki yake ya kufundisha wenzake.

#26 MamaWawili

Diskasheni ya watu sita, wawili wanasolvu, wanne wanaitikia. Mimi nilikuwa wa kuitikia. Nilirudi nyumbani kila siku nikiamini nimeelewa.

#27 Mwana wa Ng'ambu

Basi aliyefaidi ni yule aliyefundisha, kama binti wa nyumba ya pili na chungwa lake. Kila mmoja apewe zamu ya kusimama, daftari limefungwa.

#28 AbiriaWaDom

Wakuu, nimekuja na kitu kimoja mkononi, nataka kila mmoja akiangalie.

Mabadiliko kwanza. Mama amekubali maji ya jioni nichote mimi nikiwa hapa, na nikiondoka mtoto wa mjomba atapokea. Kulala saa nne. Anaamka saa kumi na moja, anasoma saa moja.

Leo nilimpa swali la logi (logarithimu). Umepewa logi ya 2 ni 0.3010 na logi ya 3 ni 0.4771, tafuta logi ya 72 bila jedwali. Akaandika: logi ya 72 ni logi ya 70 jumlisha logi ya 2. Akakwama, maana 70 hana.

Nikamwambia nioneshe kanuni. Akafungua daftari moja kwa moja kwenye ukurasa. Imeandikwa kwa Kiingereza, wino mwekundu, imepigiwa mstari mara mbili, ina njano: logi ya "product" ni jumla ya logi. Nikamuuliza, "product" ni nini? Akanijibu bila kusita, "Bidhaa. Kama sabuni."

#29 LughaKwanza

Bidhaa. Kama sabuni.

Sina la kuongeza. Angeandikiwa "zao", yaani jibu la kuzidisha, akakumbuka zao la 8 na 9 la darasa la nne, asingefika kwenye 70.

#30 ChaiYaRangi

@LughaKwanza lakini angalia alivyolikuta kosa. Kanuni hiyo ameisoma mara ngapi? Imepigwa mstari mara mbili! Kusoma hakukuwahi kumwambia kwamba haelewi. Swali moja limemwambia kwa dakika tatu. Angeanza na maswali mwaka jana, neno hilo lingemkwaza mwaka jana.

#31 KalamuNyekundu

Na angelileta kwa nani? Hilo ndilo nalilia. Mwaka jana yupo mtoto darasani kwangu aliyeandika kitu kama hicho, na daftari lake lilikuwa chini kabisa ya lundo, sikulifikia. Jana usiku, baada ya kusoma ujumbe huu, nilirudi kwenye madaftari ya kidato cha tatu nikatafuta logi peke yake. Nimekuta kumi na saba wenye 70 na 2 ya namna hiyo.

#32 MamaWawili

Kumi na saba. Mungu wangu.

#33 Fundi Hesabu

Nasoma kimya tangu juzi, hapa nimeshindwa.

72 ni 8 mara 9. Nane ni 2 mara 2 mara 2, tisa ni 3 mara 3. Kwa hiyo ni logi ya 2 mara tatu, na logi ya 3 mara mbili. 0.9030 jumlisha 0.9542, jibu 1.8572. Lakini usimpe jibu hili. Mpe mbegu za maharage 72, mwambie azipange mistari iliyo sawa kwa kila namna anayoweza. Atafika mwenyewe. Kisha mpe 54.

#34 Kipanga Mstaafu

Maharage 72 na Novemba iko mlangoni? Mpe maswali ishirini ya aina hiyo yaliyokwisha kusolviwa, afuate njia, imalizike.

#35 Fundi Hesabu

Afuate njia, sawa, na swali likibadilika kidogo?

#36 Kipanga Mstaafu

Likibadilika atapoteza alama sita. Asipofanya ishirini atapoteza zote.

#37 AbiriaWaDom

Nilifanya yote mawili, mnisamehe. Maharage jana jioni, mama akishangaa. Alipofika mistari minane ya tisa tisa alisimama akasema, "Aaah! Ni kuzidisha!" kwa sauti, mpaka kuku wakaruka. Leo alfajiri nikampa 54 bila maharage. Akaandika 2 mara 27, kisha 0.3010 jumlisha 1.4313, jibu 1.7323. Nimehakiki, ni sahihi. Nikampa na pepa tano za zamani, @Kipanga Mstaafu, zimefika na basi la leo.

Sasa amenirudishia yeye swali. Anasema, "Kaka, logi ya 5 je? Tano haina 2 ndani yake wala 3. Haiwezekani, au?" Nami sikumbuki. Inawezekana?

#38 Fundi Hesabu

Inawezekana, na asikwambie mtu jibu hapa! Wakuu, naombeni kalamu chini. Mwambie neno moja tu: kumi.

#39 LughaKwanza

Kwa Kiswahili mkuu. Kumi.

#40 AbiriaWaDom

Nimemwambia kumi. Yuko nyuma ya jiko na kipande cha mkaa, ukuta umeshajaa namba. Mama anauliza chokaa atapaka nani.